Maganda ya Alizeti Barazani

Mama Margareta alipofika Temeke kutoka upande wa Masasi, alishuka kwenye lori akiwa na sanduku la bati, mkeka uliokunjwa, na mfuko wa kitambaa cha merikani uliojaa mbegu za alizeti. Sanduku alimwachia mkwewe Benedikto alibebe. Mfuko aliubeba mwenyewe mpaka ndani.

Filomena hakuwa amemwona mama yake tangu alipoolewa. Katika miaka hiyo mumewe alikuwa amepata kazi ya ukarani kwenye bohari moja la bandarini, na wakapewa nyumba katika zile nyumba mpya za serikali, yenye sakafu ya saruji na baraza ndogo mbele. Kila alipofagia ile baraza aliwaza siku ambayo mama yake angekaa pale. Na jambo moja alikuwa ameshaliamua: mama akija kwake hatakula tena mtama. Alikuwa amekula mtama na kunde maisha yake yote. Kwa binti yake atakula wali.

Basi akampikia wali mchana na jioni. Hakununua mchele mwekundu wa kutwanga unaouzwa na wanawake wa Mbagala. Alinunua ule wa dukani, mweupe kama chumvi, akauosha na kuufikicha maji baada ya maji mpaka yakatoka safi kama ya kunywa. Asubuhi palikuwa na mkate wa boflo na chai yenye sukari nyingi. Watoto walijua kwamba mama anamheshimu bibi, kwa sababu vipande vikubwa vya samaki vilikuwa vya bibi. Lakini bibi alivitoa kwenye sahani yake na kuwagawia.

"Nyie ndio mnaokua," aliwaambia. "Mie wali na tui vinanitosha."

Filomena alifurahi kumwona anakula sahani nyeupe namna ile. Hakuona kosa lolote.

Alasiri Margareta alizikaanga mbegu zake kidogo kwenye kigae kikavu, akazinyunyizia maji ya chumvi, kisha akatoka nazo barazani. Alikuwa na meno mazuri ya mbele. Aliibana mbegu, ikalia *ta*, kiini kikabaki ulimini na ganda likaruka nje. Bi Tabu, jirani wa nyumba ya pili, Mzaramo mfugaji wa kuku, ndiye aliyekuja kukaa naye. Wiki haikupita wakawa wanataniana kama watu waliokua pamoja, maana kila mmoja alihesabu watu wa kwao na wa mwenzake kuwa ni watani.

"Nyie watu wa kusini nyie," alisema Tabu. "Mkikosa panya, mnatafuna maua!"

"Na nyie mkikosa ngoma, siku hiyo ndiyo mnakumbuka jembe."

"Jembe la nini, na mnazi unazaa wenyewe? Hebu lete na mie nionje hilo ua lako." Tabu akatafuna, akatema, akatafuna tena. "Mh. Lina mafuta."

"Ndiyo maana yake. Yanalainisha tumbo, ngozi haipauki, na miguu inapata nguvu. Nilipokuwa namnyonyesha huyu Filomena, mama yangu alinikaangia kila jioni. Maziwa hayakunikauka hata mwaka ule wa njaa."

Filomena aliyasikia hayo akiwa dirishani, akishona. Alitabasamu. Ni maneno aliyoyasikia tangu utotoni.

Jumapili moja baada ya misa, wanawake wa chama cha kanisani walipita kumsalimu mgeni. Aliyewatangulia alikuwa Genoveva, mke wa karani mkuu wa Benedikto, mwenye viatu vya kisigino. Alipopanda barazani, maganda yalilia chini ya viatu vyake. Akasimama. Akainua mguu mmoja, akatazama chini ya soli.

"Jamani, Filomena," alisema, huku akicheka, "mnafuga kasuku humu ndani?"

Wenzake wakacheka. Margareta naye akacheka, kwa kuwa alidhani ni utani wa kawaida. Filomena hakucheka. Aliona uso wake unawaka. Aliwapa chai, akazungumza nao, akawasindikiza mpaka njiani, na muda wote huo neno lile la kasuku lilikuwa likizunguka kichwani mwake.

Kesho yake mama yake alikwenda na watoto kisimani. Filomena akauchukua mfuko wa merikani uliokuwa umetundikwa juu ya mafiga, ambako moshi unazuia wadudu. Ulikuwa bado na zaidi ya nusu. Alisimama nao kidogo. Hakuwa na nia mbaya. Alijiambia kwamba mama yake sasa anakula vizuri, hana haja ya vitu hivi, na kwamba zikiisha ataacha kuziwaza. Akaenda nyuma ya nyumba, penye shimo la taka, akazimwaga. Kuku wa Tabu walikuja mbio kutoka kila upande. Walizila zote. Hakukubaki hata moja ya kuota.

Margareta aliporudi, alinyoosha mkono juu ya mafiga, akagusa kamba tupu.

"Filo, mfuko wangu uko wapi?"

Filomena alikuwa amejiandaa kusema panya. Lakini mfuko mtupu alikuwa ameshautupa, na panya hawali mfuko mzima. Neno lililomtoka halikuwa lile alilolipanga.

"Kuku wa Bi Tabu, mama. Nilikuwa nimeushusha nifagie masizi, nikauweka uani. Nilipogeuka, wameshaupasua."

"Wote?"

"Wote."

Margareta aliketi kwenye kigoda. Alitazama mikono yake, kisha akasema taratibu, "Hizo nilizilima na baba yako, msimu wake wa mwisho. Nilikuwa nakula kidogo kidogo."

Filomena hakulijua hilo. Angelijua, labda asingefanya. Au labda angefanya vilevile. Baadaye alijiuliza mara nyingi, na hakupata jibu alilolipenda. Alichokifanya wakati ule ni kwenda kuchochea moto.

Alasiri Tabu alipokuja barazani kama kawaida, Margareta hakumsogezea mkeka.

"Tabu, kuku wako wamekula mbegu zangu."

Mtani hana namna nyingine ya kujibu. "Wamefanya vizuri!" alisema Tabu akipiga makofi. "Walikuwa hawajawahi kuonja karamu ya watani. Kesho nitawaleta wanywe na chai."

Alingoja jibu. Margareta aliinuka, akaingia ndani, na mlango ukafungwa. Tabu alibaki amesimama barazani, kicheko kikimwishia usoni. Akamtazama Filomena dirishani kana kwamba anamuuliza. Filomena aliinamia sindano yake.

Toka siku hiyo Margareta alikaa barazani peke yake. Benedikto, aliyekuwa mtu mwema na mwenye kumwogopa mama mkwe kama ilivyompasa, alitaka kulimaliza jambo hilo.

"Nitazungumza na mumewe," alisema. "Watu waungwana wanafungia kuku wao."

"Acha tu," alisema Filomena.

"Niache vipi, na mama amenyong'onyea namna ile?"

"Nimesema acha, Baba Auleria. Hao ni majirani."

Benedikto alimsifu kwa subira yake. Filomena aliinuka, akaenda kuosha mchele.

Wiki kadhaa zikapita, ndipo miguu ikaanza kumsumbua. Kwanza Margareta alisema nyayo zinamwaka moto, akaomba beseni la maji. Kisha moto ukaisha, ikaja ganzi. Alikuwa akivaa ndala na moja ikimtoka njiani hakujua mpaka alipotazama. Asubuhi moja alitaka kuinuka kwenye kigoda, na magoti yakakataa. Vifundo vilikuwa vimevimba. Filomena alizidi kumpikia. Alimwongezea wali, akamnunulia mkate laini zaidi, kwa kuwa mgonjwa hulishwa vitu laini.

Tabu alisikia, maana kuta za nyumba zile zilikuwa nyembamba. Akamtuma binti yake na mayai ndani ya kikapu kidogo, yamefunikwa kwa kitambaa. Margareta aliyatazama.

"Mwambie mama yako ahsante. Yarudishe. Kuku wake wameshanipa vya kutosha."

Filomena alisimama mlangoni, akamwona yule binti akirudi na kikapu, akitembea polepole asiyavunje.

Mwishowe Benedikto aliomba ruhusa kazini, wakamkokota mama mpaka zahanati. Dresa, yaani tabibu msaidizi, aliyekuwa zamu aliitwa Fransis, kijana mrefu mwenye sauti ya chini. Alimketisha mgonjwa kwenye benchi, akapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Alibonyeza muundi wa mguu kwa kidole gumba. Kidole kilipoondoka, shimo lilibaki. "Hapa nikigusa unasikia?"

"Nasikia kama unagusa mguu wa mtu mwingine."

"Na hapa kidoleni?"

"Umegusa?"

Fransis aliushusha mguu taratibu. "Unakula nini siku hizi, bibi?"

Margareta aliinua kichwa. Hata katika ugonjwa ule alitaka binti yake asifiwe. "Nakula vizuri sana. Mwanangu huyu ananipikia wali mweupe mchana na jioni. Asubuhi mkate na chai. Mtama nimeusahau."

"Na kitoweo?"

"Kitoweo wanakula watoto."

"Na huko nyumbani ulikuwa unakula nini?"

"Chakula cha shamba tu. Ugali wa mtama, kunde, na alizeti zangu."

Fransis alimgeukia Filomena. Hakusema kwa ukali. "Mama, mchele ule mweupe umevuliwa nguo zote mashineni. Nguvu ya kulisha mishipa iko kwenye lile ganda jekundu linalotupwa. Kidogo kinachobaki, tunakiosha na kukimwaga. Mtu akiula peke yake muda mrefu, miguu inakufa ganzi, na usipoangalia ugonjwa unapanda mpaka kwenye moyo. Nitampa vidonge vya hamira, lakini nilivyonavyo havitoshi. Apate kunde, karanga, mayai, mchele wa kutwanga. Na hizo alizeti, bibi, ulikuwa unakula nyingi?"

"Kila siku kiganja."

"Basi ulikuja na dawa yako mfukoni. Hicho hasa ndicho mishipa yako inachokililia, kimo tele kwenye alizeti. Mbona uliacha?"

"Sikuacha. Kuku wa jirani walizila."

Fransis alitikisa kichwa kwa huruma. Benedikto naye akatikisa. Filomena alikuwa akitazama ukutani, penye picha ya mbu iliyochorwa kubwa kama kuku, na alihisi kwamba kama mtu yeyote mle ndani angelitamka jina lake, angelia.

Nje ya mlango alimuuliza dresa, peke yao, "Atatembea?"

"Miguu ya mzee haiharakishwi, mama. Inaweza kurudi. Inaweza kurudi nusu. Ingekuwa tumeanza mapema, ningekuambia kwa uhakika."

Asubuhi iliyofuata Filomena alijifunga kanga, akashika barabara ya Kilwa kwa miguu kuelekea Mbagala. Alikuwa amesikia sokoni kwamba mtu anayeitwa Fakihi analima alizeti pembeni ya mihogo yake, akimuuzia Mhindi mmoja anayekamua mafuta. Angeweza kungoja lori la nazi limpe nafasi. Hakungoja. Alitaka miguu yake imuume, na ilipoanza kumuuma karibu na Mtoni, aliona haya, maana aliona kwamba hata maumivu hayo anayatafutia faida yake mwenyewe.

Fakihi alikuwa akianika vichwa vya alizeti juu ya paa la banda.

"Unataka za kupanda au za kula?" aliuliza. "Za kupanda nimezipaka dawa ya wadudu. Hizo usimpe hata kuku."

"Za kula."

"Wewe unakula alizeti? Watu wa huku wananicheka, wanasema nalima chakula cha ndege."

"Mama yangu anakula," alisema Filomena. Kisha akaongeza, "Na mie nilikuwa nakula."

Fakihi alishusha vichwa, wakaketi wote wawili wakavisugua juu ya gunia mpaka mbegu zikajaa mfuko. Alikataa kuupima. Filomena akamwachia alichokuwa nacho, akarudi na jua la mchana kichwani.

Margareta alikuwa barazani juu ya mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa mbele yake kama kitu alichowekewa na mtu akitunze. Filomena aliweka mfuko mapajani mwake. Mama alitia mkono ndani, akachota, akanusa.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Mbagala."

"Kwa miguu?" Uso wote ulifunguka. "Mwanangu. Mwanangu wewe." Kisha akaukumbatia mfuko, akapunguza sauti. "Ziweke ndani, juu kabisa. Yule mwanamke asizione akatuachia tena kuku wake."

Hapo Filomena akakaa chini kwenye saruji.

"Mama, Bi Tabu hakuachia kuku."

"Nani basi?"

"Ni mie. Nilizimwaga mwenyewe shimoni. Kuku walizikuta."

Margareta alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha anayoijua kidogo. "Ulizimwaga kwa nini?"

"Kwa sababu ya maganda. Yule Genoveva alicheka." Alipolisema kwa sauti, aliona jinsi lilivyokuwa dogo. "Niliona haya."

Mtu alipita barabarani na baiskeli, akasalimu, na wote wawili wakamjibu. Margareta alikuwa akipitisha mbegu kutoka kiganja hiki kwenda kile.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningezilia uani."

Filomena alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa laana. Kwa neno hilo hakuwa amejiandaa. Alijifunika uso kwa upindo wa kanga.

"Futa macho," alisema mama yake. "Nenda kaniitie Tabu. Mie siwezi kwenda."

Tabu alikuja mpaka ukingoni mwa baraza, hakupanda. Mikono kiunoni. "Nani ananiita? Aliyenirudishia mayai yangu?"

Filomena alilazimika kuyasema yote tena, safari hii amesimama, na jirani huyu hakuwa mama yake. Tabu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe!" alisema. "Nami nilikuwa najiuliza, msimu huu kuku wangu wanataga mayai makubwa kiasi hiki wanakula nini. Kumbe wameandaliwa karamu na mwenye nyumba mwenyewe." Lakini sauti yake haikuwa ya utani kamili. Alimgeukia Filomena. "Ulinitazama siku ile pale dirishani. Ukashona."

"Nilishona, Bi Tabu."

"Haya." Hakusema nimekusamehe, wala hakusema sikusamehe. Alipanda barazani, akaketi kwenye mkeka kando ya Margareta, akanyoosha kiganja. "Lete hilo ua lako, mtani. Na mayai unakula leo, hata kama ni kwa kukushikia pua."

"Utanishikia pua, na mkono wako unanuka kuku?" alisema Margareta, akimmiminia mbegu kiganjani.

Toka siku hiyo Filomena alipika mchele mwekundu, kunde na mayai ya Tabu, na alasiri alikaanga alizeti. Naye alikaa barazani akatafuna pamoja nao, akatema maganda mbele ya nyumba. Genoveva alipopita Jumapili, alipunguza mwendo. Filomena alimwamkia vizuri, wala hakuinuka kuchukua ufagio. Alidhani jambo hilo lingempa nafuu. Halikumpa nyingi.

Uvimbe ulishuka. Magoti yalipata nguvu, na mvua za vuli zilipoanza Margareta alikuwa akitembea mpaka kwa Tabu na fimbo, na huko walicheka mpaka sauti zao zikasikika barabarani. Lakini mguu wa kushoto aliuburuta, na aliposhusha unyayo alitazama kwanza, ajue umefika.

Kila jioni Filomena alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi ya moto. Alianzia kwenye goti, akashuka, akiuliza kama alivyouliza dresa.

"Hapa unasikia, mama?"

"Nasikia."

"Hapa?"

"Nasikia."

Jioni moja alifika kwenye vidole. Margareta alikuwa akitazama barabara, mbegu kati ya meno.

"Na hapa, kidole kikubwa?"

"Nasikia," alisema mama yake upesi. "Hapo nasikia vizuri sana."

Mkono wa Filomena ulikuwa bado haujakigusa. Alikaa nao hivyo, wazi, mafuta yakipoa kiganjani. Kisha akakishika kidole, akaanza kukikanda.